Uyoga Uliompeleka Nyanchera Kiogoro

California, Amerika
17 Januari 1971

Kwa Babu yangu mpendwa, Mzee Ogari,

Pokea salamu za mjukuu wako kutoka huku mbali. Hujambo? Goti linasemaje na baridi ya Ikonge? Na Bibi Nyanchera, mke wangu wa kwanza, hajambo? Mwambie asizoee sana kukaa na mzee, mimi mumewe halisi nitarudi. Mimi ni mzima, ila chakula cha huku hakishibishi. Mtu anakula majani mchana kutwa halafu anasema ameshiba.

Babu, nakuandikia kwa Kiswahili chako cha jeshini kwa sababu jambo lenyewe haliandikiki kwa Kikisii. Nikijaribu, mkono unakataa.

Nina mwalimu hapa chuoni, Profesa Pelham, anayefundisha jinsi binadamu alivyoanza. Yeye anasema hivi. Zamani sana, huko kwetu Afrika, sisi tulikuwa nyani wa mitini. Mvua zikapungua, miti ikapungua, tukashuka chini na kuanza kufuata makundi ya wanyama wenye kwato. Wanyama hao huacha mavi, na kwenye mavi huota uyoga. Wale nyani wakaula. Si uyoga wa mboga, Babu, ni ule ambao mtu akiula anaona rangi zikiimba. Aliyekula kidogo macho yake yalikuwa makali, akawinda vizuri. Aliyeongeza, mwili ukamwasha, akamtafuta mwenzake, na waliufanya mchezo huo kwa furaha na mara nyingi, si kwa msimu. Na aliyekula akashiba hakupata usingizi. Alikaa gizani na yule mwenzake, kila mmoja akiona maajabu yake, kila mmoja akitamani kumwambia mwingine alichokiona. Hapo ndipo neno la kwanza lilipotamkwa. Profesa anasema akili ya mwanadamu ilianzia kwa wawili waliolala pamoja, wakaamka wakiwa na jambo la kuambiana.

Maprofesa wenzake wengi wanamcheka, tena wanamcheka mbele yake. Lakini ameniambia, "Manasseh, wewe ni mtoto wa watu wa ng'ombe. Wazee wenu wanasemaje?" Nimeahidi kumwandikia insha. Siwezi kumwuliza Baba. Unajua chinsoni zetu: baba na mwana hawatajiani mambo ya kitandani, hata kwa kuzungukazunguka. Lakini wewe na mimi ni waume wenza, hatuna la kufichana. Basi niambie: je, wazee wa zamani walikula uyoga huo? Na walisema nini juu ya mwanamume na mwanamke wa kwanza, walianzaje kuongea?

Ni mimi mjukuu wako,
Manasseh

Nilitaka kusahau: barua hii tafadhali usimpe Baba akusomee.


Ikonge
9 Machi 1971

Kwa mjukuu Manasseh,

Salamu. Unaniuliza hali ya goti. Goti ni zima. Ndilo peke yake lililo zima hapa nyumbani.

Kwanza nikuulize, chuo hicho hakiwafundishi kwamba onyo huwekwa mwanzo? Wewe umeliweka mwisho wa ukurasa wa mwisho, kama mtu anayetundika kibao cha mbwa mkali nyuma ya kochi.

Barua yako ilifika kwenye sanduku la shule. Baba yako akaileta Sabato baada ya ibada, na unajua barua ya Amerika hapa kwetu si ya mtu mmoja. Watu walikuwa wamekwisha kaa uani kabla haijafunguliwa. Mchungaji Ratemo alipewa kiti chenye mgongo. Miwani yangu ilikanyagwa na ndama mwezi wa Desemba, na mpya nimeipata juzi tu, kwa hiyo siku ile nikamwambia baba yako Abner, "Soma wewe, mwalimu."

Akasimama. Baba yako akisoma huwa yuko darasani, hata kama anasoma maandishi ya pakiti ya chumvi. Anasoma sentensi kwa Kiswahili, kisha anaitafsiri kwa Kikisii kwa sauti ya watoto walio nyuma. Salamu zilipita vizuri. Bibi yako alipigiwa makofi. Nyani walipofika, Mchungaji alikohoa, lakini tukaendelea. Abner alikuwa amekolea na kazi ya kutafsiri, na kinywa chake kilikuwa mbele ya masikio yake. Aliposoma "mwili ukamwasha" aliitafsiri sawasawa, tena akaeleza kwa mfano wa fahali wetu. Wenye mafahali wakaitikia kwa kichwa. Akaendelea hadi "wawili waliolala pamoja, wakaamka wakiwa na jambo la kuambiana," akaitafsiri hiyo nayo. Ndipo masikio yakafika.

Manasseh, mimi nilikuwa vitani Burma. Nimeona watu wakitawanyika. Mama yako Bathsheba, ambaye tangu aolewe hajawahi hata kukaa mkabala nami, alijifunika leso kichwa kizima akakimbia bila kuona, akaingia kwenye migomba. Baba yako alisema anakwenda kuangalia paa la shule. Siku ya Sabato! Alirudi jioni hajalitazama paa lolote. Na tangu hapo ananisalimu akitazama kuku.

Hayo yangepita. Tungechinja mbuzi, wazee wakasafisha aibu, yakaisha. Lakini pale uani bibi yako akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kama ni hivyo, huyu wangu bado yuko mtini."

Watu walicheka. Mchungaji alicheka mpaka kiti chenye mgongo kikaanguka. Nami, mzee wa kanisa, nikasimama nikamwambia, "Nyamaza, wewe. Kama unataka kuchekesha watu, nenda ukawachekeshe mahali pengine."

Basi alikwenda. Asubuhi yake alifunga kikapu, akaenda Kiogoro kwa shangazi yako Eucabeth, na yuko huko mpaka leo. Nilimtuma baba yako akamlete, lakini atasema nini? Hawezi kutaja kisa. Nikamtuma Mchungaji. Alinyweshwa uji, akapewa ndizi za kubeba, na ujumbe huu: "Nitarudi siku atakaposhuka."

Namtaka bibi yako arudi. Sijui niandike vipi zaidi ya hapo. Nyumba imekuwa kubwa. Na mwisho wa robo hii kuna meza ya Bwana. Mzee wa kanisa ambaye hajapatana na mkewe hawezi kuihudumia, atakaa benchi la nyuma na watoto wachanga.

Kuhusu swali lako: Mungu alichukua mavumbi. Hakuchukua mavi ya ng'ombe. Mwambie Profesa.

Babu yako,
Ogari


California
11 Aprili 1971

Babu mpendwa,

Salamu za aibu. Sikuulizi hujambo kwa sababu najua hujambo haipo, na aliyeiondoa ni mimi. Niombee msamaha kwa Baba. La, usiniombee, ataanza tena kutazama kuku.

Nilimsimulia Profesa yote. Alifurahi mno hata nikataka kumpiga. Anasema maneno ya Bibi ndiyo maelezo bora ya nadharia yake aliyowahi kusikia, na ameomba ruhusa ayaandike ubaoni. Nilimwambia ruhusa iko Kiogoro.

Nikusimulie kidogo ucheke. Wanafunzi wenzangu walifanya karamu, wakala uyoga mkavu uliotoka Meksiko. Mimi sikula. Mtu ambaye mama yake alimkataza hata kahawa ataanzia wapi? Wakanipa kazi ya kulinda viatu na makoti. Babu, hiyo ndiyo elimu niliyoifuata ng'ambo. Mmoja alikumbatia jokofu akilia. Msichana mmoja alisema ameongea na mti, nami nikamwuliza mti umesemaje, akanijibu kwamba ulikuwa na kiburi. Asubuhi wote walikuwa wamekaa nyasini wakiambiana mambo. Walikuwa wanasikilizana, Babu, watu ambao kutwa huwa wanakatana maneno. Mimi niliyekuwa na akili zangu timamu sikuwa na mtu wa kumwambia chochote. Nilikuwa na viatu.

Ndiyo maana nadhani namwelewa Bibi. Sidhani alikutukana. Nadhani amechoka kungoja umwambie kitu ambacho si "chai imechumwa?" au "ndama yuko wapi?" Nenda kwake, Babu. Umwambie jambo.

Mjukuu wako mkosaji,
Manasseh


Ikonge
2 Mei 1971

Manasseh,

Salamu. Mvua ni nyingi. Bibi yako hajarudi. Meza ya Bwana ilihudumiwa na Machogu wa pale mlimani, ambaye mkate anaumega kama anagawa mbolea.

Unasema nimwambie jambo. Jambo gani? Miaka arobaini tumekaa pamoja, mambo yote anayajua. Usiniandikie tena habari za nyani.

Ogari


Ikonge
20 Juni 1971

Mjukuu wangu Manasseh,

Salamu nyingi. Husikii vibaya kwamba nilikuandikia kwa ukali? Natumaini u mzima na viatu vyote viko salama. Mimi sijambo, ila nimekuwa kichekesho cha Ikonge nzima, na inabidi uyasikie kwangu kabla hujaandikiwa na wengine.

Mvua ilipokatika, uyoga uliota nyuma ya zizi. Uliota kwenye mavi kabisa, mwembamba, wenye kofia. Nikautazama siku kadhaa. Nilijiambia kwamba kama mzee wa kanisa ni wajibu wangu kuula, ili niandike kwa ushahidi kwamba Profesa ni mwongo. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefikia mahali ambapo hata uongo wa Profesa ningeujaribu.

Niliupika mwenyewe. Ndiyo, mimi, jikoni, mahali ambapo mwanamume wa umri wangu haingii hata kufukuza kuku. Niliungua vidole. Niliweka chumvi, nikaonja, nikaona haijakolea, nikaweka tena. Kisha nikala na kwenda kukaa zizini karibu na ng'ombe mweusi, maana ilikuwa saa ya kukamua, nikangoja rangi ziimbe.

Hazikuimba. Nilingoja. Ng'ombe alinitazama, nami nikamtazama. Tumbo liliuma kidogo, nadhani kwa ajili ya chumvi. Na katika kungoja huko, kwa kuwa mtu hawezi kukaa tu na ndoo kati ya miguu, nilianza kumwambia ng'ombe ni kitu gani ninachongoja. Ikabidi nimweleze Nyanchera ni nani. Nikamwambia nilivyomwona mara ya kwanza, yule msichana mwembamba akimfukuza fahali wa baba yake na ungo mkononi, na fahali akitii. Nikamwambia kwamba nilisimama njiani mpaka mzigo wangu ukaniangukia mguuni, na mpaka leo watu wanaamini kidole hiki kilivunjwa na jembe. Nikamwambia habari za Burma. Kule msituni wenzangu walikuwa wakikumbuka nyama na pombe. Mimi nilikuwa nalala nikisikia sauti ya Nyanchera akinigombeza kwa sababu nimeingia na matope, na kwa sauti hiyo nilipata usingizi. Nikasema na mengine ambayo wewe, hata kama ni mume mwenzangu, hayakuhusu. Nililia, Manasseh. Ng'ombe alinilamba sikio.

Upande wa pili wa ua alikuwepo Nyasani, jirani yetu, aliyekuja kuomba chumvi. Alisikia yote na akaondoka bila chumvi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kufikia siku ya soko, kila mtu alijua kwamba Mzee Ogari anamtongoza ng'ombe. Nilipopeleka majani kituo cha kununulia chai, kijana mmoja kwenye foleni alilia "mooo," na karani, mtu mzima mwenye kalamu mbili mfukoni, akaficha uso nyuma ya mizani. Mchungaji Ratemo alinitembelea, akaniuliza kwa upole kama nalala ndani au zizini.

Sasa sikiliza. Habari zimefika Kiogoro. Jana Nyasani aliniletea ujumbe wa bibi yako, akausema akiwa amesimama mbali kidogo: "Ng'ombe amesikia. Mimi je?"

Ninaogopa, mjukuu wangu. Burma sikuogopa hivi. Ng'ombe hana la kujibu, huyu analo. Kama nikifika na maneno yakakataa kutoka, hatarudi tena, na atakuwa na haki. Niambie nifanye nini. Una elimu.

Babu yako,
Ogari


California
8 Julai 1971

Babu wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Afya yangu ni njema na viatu ni salama.

Nilianza kukuandikia mashauri, nikajaza ukurasa mzima, nikauchana. Sina mke. Kila kitu ninachokijua kuhusu mwanamume na mwanamke nimekisoma maktaba, na vitabu vingi vilikuwa na picha za nyani. Nitakwambia hili tu: nenda kabla ya barua hii kufika, na kama imefika, nenda leo. Usitafute maneno mengine. Yale yale ya zizini.

Insha nimeisimamisha. Nimemwambia Profesa nasubiri habari kutoka nyanjani. Anadhani ni habari za uyoga.

Mume mwenzako,
Manasseh


Ikonge
29 Agosti 1971

Kwa mjukuu wangu mpendwa Manasseh,

Salamu kutoka nyumbani, salamu za kweli. Sisi hatujambo. Umeona nimeandika "sisi." Nyayo zetu tu ndizo zinazouma, kwa sababu nitakayoieleza.

Nilikwenda Kiogoro siku ile ile barua yako ilipofika, nikiwa na koti la kanisani. Nilifika nikiwa na maneno yote tayari, nimeyapanga njiani. Kisha nikaingia nyumbani kwa shangazi yako, na mkwe wangu Jethro akasimama kunipokea, ndipo nikaona ujinga wangu. Mimi ni baba mkwe! Nitaanzaje kusema habari za msichana na fahali mbele ya mkwe, ndani ya nyumba ya binti yangu? Maneno kama hayo humo hayatamkwi, ningefukuza watu wote kama barua yako ilivyofanya. Tukakaa. Tukaongea mahindi. Tukaongea barabara ya Kisii. Bibi yako alikuwa mkabala nami akichambua maharagwe, macho yake yakinicheka. Alijua kabisa kwamba nimenaswa. Kila nilipofungua kinywa, Eucabeth alifikiri nataka uji, akaniongezea. Nilikunywa uji mpaka nikawa siwezi kuinama.

Nikaona jua linapita na mimi nitarudi kama nilivyokuja. Moyo uliniuma, Manasseh. Nikasimama, nikaaga, nikasema, "Nyanchera, nisindikize mpaka barabarani." Mgeni akiomba kusindikizwa, nani atakataa? Akaacha maharagwe, akavaa ndara za Eucabeth zilizokuwa mlangoni, akatoka nami.

Tulipofika barabarani nilikuwa bado kwenye mzigo uliovunja kidole. Akasema, "Basi nitakufikisha pale konani." Pale konani nilikuwa sijaingia jeshini. Akasema atanifikisha Kisii mjini. Mjini nilikuwa msituni Burma, na kelele zilikuwa nyingi, hatukusikizana, ikabidi tupite kwanza tutoke upande wa pili. Mabasi yalisimama, makondakta wakatuita, hatukuwajibu. Ukipanda basi unakaa kati ya watu, na mimi nilikuwa bado sijamaliza.

Halafu akaanza yeye. Mjukuu wangu, nilidhani ndiye niliyekuwa na mambo ya kusema! Ameniambia kwamba fahali yule hakutoroka. Alimfungulia mwenyewe, maana alikuwa ameniona nikija na alikuwa amechoka kuniona nikipita kila wiki bila kusimama. Nilikaa chini kando ya barabara. Alingoja nicheke nimalize, akaendelea. Ameniambia alivyokuwa akilima wakati wa vita, akiongea na jembe kwa sauti kana kwamba ni mimi, mpaka mama yangu akafikiri amerukwa na akili. Yeye na jembe, mimi na ng'ombe. Tulipofika Nyamira jua lilikuwa limezama, tukalala kwa binamu yake Nyangate, aliyetupa vyumba mbalimbali kwa heshima, akatukuta alfajiri tumekaa jikoni. Asubuhi tukaendelea.

Tulipofika langoni hapa Ikonge ndipo alipotazama miguu yake. Ndara moja ilikuwa imekatika, ameifunga kwa jani la mgomba. Akasema, "Ogari, nimekusindikiza mbali sana." Nikamwambia aingie apumzike, nami nitamrudisha. Akaingia. Baba yako alikuwa uani, akatuona, akasahau kuku, akatutazama usoni.

Kuhusu insha, andika hivi: Mzee Ogari wa Ikonge alikula uyoga akapata kiu tu. Adamu aliumbwa siku ya sita, na hapo siondoki. Lakini haijaandikwa alikaa na Hawa muda gani kabla hajamwambia kitu cha maana, na kuhusu wale wawili gizani, mwambie Profesa kwamba mimi sitabishana naye. Tuliyoambiana sikuandikii. Si kwamba ni chinsoni. Ni yetu.

Eucabeth ameleta ujumbe mara mbili. Katika wa kwanza aliuliza kama mama yake ametekwa, kwa sababu maharagwe aliyaacha nusu. Katika wa pili anauliza mama atarudi lini kuchukua nguo zake. Nimemjibu asubiri kidogo, hatujapata nafasi.

Naishia hapa. Bibi yako ananiita toka ndani, anasema ule mwaka wa nzige hajanimalizia.

Babu yako,
Ogari